Usikubali "sina neno": nilivyojifunza kuongoza kikao Houston, nikakipindua cha kwetu Dallas

Wakuu, salamu kwenu mlioko kazini mkijifanya mko chooni, na mlioko kitandani mkijifanya mmelala. Na nyie wanawake mnaosoma humu kimyakimya bila kucomment, leo nawasalimia wa kwanza. Uzi huu ni wenu.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Majina nimeyageuza kidogo ili nisivunje undugu na watu ninaokutana nao laundry. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Nuru, ana miaka minne. Elimu yangu form four, Morogoro, na division yangu haiwahusu. Naishi Vickery Meadow, hapa Dallas, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shift ya asubuhi. Mume wangu anaendesha malori. Wiki hii yuko Ohio, wiki ijayo hata yeye hajui.

Na nina hasira. Nimesema mapema ili mtu asije akaniandikia "dada punguza hasira". Sipunguzi. Hasira hii ndiyo iliyofanya kazi.

Kaeni mkao wa kula.

Kwenye apartment zetu tuko kina mama wengi wa Afrika. Watanzania, Warundi, Wakongo, Wakenya wachache. Shule zikifunga summer, watoto wanabaki na sisi tunatakiwa kazini. Daycare? Kaulize bei halafu urudi tulie wote.

Kwa hiyo tuna mpango wetu wa kuangaliziana watoto. Na mpango huo una mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Mtanzania mwenzangu, tunamwita Mheshimiwa. Anafanya kazi ya ofisi, siku nyingine anafanyia nyumbani. Zamani alikuwa kiongozi wa wanafunzi chuoni na hajawahi kupona.

Mheshimiwa anaendesha kikao kama Bunge. Anasoma hoja aliyoiandika mwenyewe. Anaiunga mkono mwenyewe. Anauliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo!" Watu wawili wanaitikia ndiyoo, wengine wanachezea simu. Anagonga meza: "Walioafiki wameshinda!"

Mnacheka. Sisi ndivyo tulivyokuwa tunaamua maisha ya watoto wetu.

Summer iliyopita hoja ilikuwa hivi: "Mama Esperance ni mama yetu sote, atatulelea watoto." Makofi. Mama Esperance ni Mrundi, mtu mzima kuliko sisi wote, Mkatoliki wa kwenda misa hata akiwa na homa. Anafanya kazi laundry ya hoteli, anaingia jioni anatoka alfajiri.

Mheshimiwa akamuuliza, "Mama, una neno?"

"Sina neno."

Ikapita. Summer nzima watoto wote walikuwa kwake kuanzia asubuhi. Sisi wengine tulichanga chakula na kusema asante mama, Mungu akubariki.

Mwaka huu mwezi wa tano, hoja ileile. Makofi yaleyale. "Mama, una neno?" "Sina neno." Walioafiki wameshinda.

Siku chache baadaye Furaha, dada wa Kikongo anayekaa chini yangu, akanigongea mlango. "Mama Nuru, unajua nini? Mama Esperance iko nafunga vitu. Anaenda kukaa na binti yake Fort Worth. Masomo ikifunga tu, anaenda."

Group la WhatsApp likawaka moto. Mheshimiwa akatuma voice note ndefu kama hotuba ya bajeti: "Mama alikubali mbele ya kikao! Kikao kiheshimiwe!" Kikaitishwa kikao cha dharura. Mama Esperance hakuja, watu wakamsema kama vile ameiba. Kikavunjika kwa kelele, hakuna kilichoamuliwa, na shule zinakaribia kufunga.

Halafu mume wangu akapiga simu akiwa barabarani.

"Nimeshaongea na mama," akasema. "Nuru aende Moro kwa bibi yake. Mwakani tutaona."

Mwakani tutaona. Wakuu, wote tunawajua watoto waliopelekwa "likizo" wakarudi na ndevu.

Sikuulizwa. Mume wangu naye alikuwa amepitisha hoja, wapiga kura wakiwa yeye na mama yake. Walioafiki wameshinda.

Nilikata simu nikaangalia mtoto wangu anavyokula wali kwa mkono huku anaimba ya katuni. Nikajiambia huyu haendi popote. Lakini kwa njia gani, sikuwa najua. Kazi nikiacha, kodi analipa nani?

(Kwa wanaojiandaa kuandika "kaa nyumbani ulee": njoo ulipe wewe.)

Sasa Houston inaingiaje?

Nina rafiki yangu Shiko, Mkenya, nesi. Tulifanya kazi pamoja hapa Dallas kabla hajahamia Sugar Land, pembeni ya Houston. Weekend ile alikuwa na baby shower. Nikamfunga Nuru kwenye kiti chake, nikashika barabara ya I-45, nikaendesha mpaka makalio yakafa ganzi.

Kesho yake nilitegemea kulala. Shiko akaniambia, "Twende bustani, tuna meeting."

"Meeting? Shiko, mimi nimezikimbia meeting Dallas."

"Hii si kama hizo zenu. Kuja tu, kuna kivuli na watermelon."

Ni bustani ya majirani, wanalima pamoja. Kulikuwa na wazungu, Mnigeria mmoja, mzee mmoja wa Kivietnam na mkewe, na Shiko na tumbo lake la mimba. Wamekaa duara. Anayeongoza ni msichana tu, ana kaptula na matope magotini.

Hoja ilikuwa kuhamisha shimo la mbolea kulipeleka kwenye kona. Kwanza wakazunguka, kila mtu anauliza alichokuwa hajaelewa. Halafu wakazunguka tena, kila mtu anasema anavyoona. Mmoja mmoja. Hakuna kurukia. Ikifika kwako unasema, ikipita imepita, subiri irudi.

Mimi nilitaka kuchangia na hata simo. Shiko akanikanyaga mguu.

Mzunguko wa tatu, yule binti akauliza kila mtu kama ana pingamizi. Ikafika kwa yule mzee wa Kivietnam. Akasema ndiyo, analo. Upepo wa upande ule unaingia dirishani kwake na mkewe ana pumu.

Nikajiandaa kwa ugomvi. Kwetu hapo mtu angeshasema "mzee unaturudisha nyuma."

Yule binti akasema, "Thank you." Asante! Kwa kupingwa! Akauliza wenzake, tufanyeje ili hilo la mama lisitokee? Wakazunguka, mtu akataja kona nyingine, wakaulizana tena, hakuna mwenye pingamizi, wamemaliza. Watermelon likakatwa.

Nikasema moyoni hawa watu wamelogwa.

Jikoni kwa Shiko, yeye amekaa na miguu juu ya stuli mimi naosha vyombo, nikamwambia anieleze. Akaniambia inaitwa sociocracy, wana-learn hata kwa kozi, lakini wazo lenyewe ni dogo tu.

"Nyinyi Dallas mnaulizana nini? 'Mnataka?' 'Mnapenda?' Sasa kila mtu anapenda kitu yake, mtamaliza lini? Hawa wanauliza, 'Tukijaribu hii, nini itaharibika?' Kama hakuna ya kuharibika, mnajaribu. Si lazima iwe perfect. Inatosha kwa saa hii, na tukikosea hatufi. Mnaweka siku ya kuirudia, mnaangalia."

"Na mtu akipinga kwa sababu tu ana roho mbaya?"

"Unamuuliza kinaharibika nini. Roho mbaya haina jibu."

Nikataka kujaribu palepale. Watoto wake wawili wakubwa pamoja na Nuru walikuwa wanagombania chakula cha jioni. Nikawakalisha duara kwenye kapeti. Pendekezo: chapati na maharage.

Wa kwanza akaruka, "I object!"

"Nini kitaharibika?"

"I don't like beans."

Shiko akapiga kelele toka jikoni, "Zi, hapana! Hiyo si objection, hiyo ni mood!"

Wa pili akasema yeye objection yake ni kwamba maharage hayajalowekwa, tutakula saa ngapi? Wakuu, hiyo sasa ni pingamizi. Tukabadilisha, chapati na mayai. Nuru alipofikiwa akasema tu "My turn?" akatabasamu na kukaa kimya, amefurahi kwamba imefika kwake. Yule wa "I don't like" alikula mayai manne.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu kwenye gari kama mlokole. Una pingamizi? Nini kitaharibika? Asante. Malori yananipita.

Dallas, kitu cha kwanza nilienda kwa Mama Esperance. Alifungua mlango, nyuma yake maboksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje," akaniita mtoto wake kwa Kirundi.

Nikamwomba aje kwenye kikao kipya cha Jumamosi, nilichokiitisha mwenyewe, mara moja tu.

Akaniangalia. "Nije kufanya nini? Kukubali, mnaweza kunikubalia mkiwa wenyewe."

Nikamwambia tu, mama njoo, safari hii naongoza mimi.

Akacheka. Lakini Jumamosi alikuja, amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Mimi nilishapanga viti vya clubhouse, ule ukumbi wa apartment zetu, vikawa duara, nimeisukuma meza ya Mheshimiwa ukutani. Akaingia na funguo zake mkononi, akasimama.

"Meza iko wapi?"

"Leo hakuna meza, Mheshimiwa. Kaa popote."

"Na kikao anaongoza nani?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa utaratibu gani? Kikao bila mwenyekiti ni kijiwe."

"Basi leo kijiwe. Vile vikao vyenye mwenyekiti vimetufikisha wapi?"

Furaha akapasuka kicheko. "Papa, kaa! Miguu itakuuma bure."

Akakaa. Nikawaambia sheria ni moja. Tunazunguka, kila mtu anasema mara moja kabla ya mtu kusema mara mbili. Mheshimiwa akanyoosha mkono palepale, "Taarifa, mwenyekiti!" Nikamwambia taarifa yako itafika ikizunguka. Mikono yangu ilitaka kumnyooshea kidole, nikaikalia.

Kitu kigumu kuliko vyote si kuwazuia wengine. Ni kujizuia mwenyewe. Mtu anasema upuuzi na wewe mdomo unakuwasha, lakini ukimjibu kila mmoja umeshakuwa Mheshimiwa mwenye sketi. Unasema asante, unamgeukia anayefuata.

Nikaleta pendekezo kwa jinsi nilivyoona: watoto wakae clubhouse, leasing office, wenye apartment, wameshakubali, kina mama wapokezane kwa siku zao za off, na Mama Esperance awe msimamizi. Nilidhani nimempunguzia.

Maswali yakazunguka. Maoni yakazunguka. Ilipofika pingamizi, wengi wakasema hawana. Ikafika mlangoni.

"Mama Esperance, una neno?"

"Sina neno."

Na mimi, na Houston yangu yote na watermelon, nikasema asante nikamgeukia anayefuata!

Halafu nikaona mkono wake. Ameushika ule mkoba kama mtu aliye kituo cha basi.

Kwetu sisi Watanzania "sina neno" maana yake nimeridhika, endeleeni. Ndivyo nilivyokua nikisikia. Lakini nilikuwa nimemuuliza kwa maneno yaleyale ya Mheshimiwa, nikapata jibu lilelile la Mheshimiwa.

Nikasimamisha mzunguko. "Mama, naomba nirudi kwako. Tukifanya hivi, kwako wewe nini kitaharibika?"

Akauvuta mkoba karibu zaidi.

Mheshimiwa akafungua mdomo. Nikamnyooshea kiganja. Akaufunga. Nasema ukweli wakuu, niliona raha.

AC inanguruma. Mtu anakohoa. Nikasubiri. Shiko aliniambia kimya kikija usikijaze, si chako.

"Usingizi," akasema Mama Esperance.

Akauweka mkoba chini.

"Kitaharibika usingizi. Natoka hotelini, nafika nyumbani, watoto wameshafika. Mwaka jana nilikuwa nalala nimesimama, nimeegemea friji. Siku moja nilishtuka, mtoto amefungua jiko la gesi."

Mama mmoja akajishika kifua.

"Mbona hukusema, mama?" Furaha akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Kambini, ukimbizini, tulikuwa tunaulizwa hivyohivyo. 'Kuna mwenye neno?' Mwenye neno anaonekana mkorofi. Unajifunza. Unasema sina neno, unaenda na chako." Akamgeukia Mheshimiwa, taratibu tu. "Na hapa neno mmenipa lini? Mnamaliza maneno yote, mnaniuliza mimi kama ninalo. Nilitoe wapi?"

Mheshimiwa akaziingiza funguo zake mfukoni.

Nikasema kitu ambacho sijawahi kusema kwenye kikao maishani mwangu. "Asante mama. Pingamizi limepokelewa. Jamani, tufanyeje ili alale?"

Tukazunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule binti wa kaptula alisema thank you. Mzunguko mzima watu hawakubishana. Walikuwa wanatafuta usingizi wa mama mmoja. Huyu akasema yeye Jumanne yuko off. Yule akasema mume wake anatoka warehouse Garland mchana, mbona kina baba hawakuulizwa kabisa? Kina baba waliokuwepo wakaanza kuangalia dari. Nikasema mzunguko unakuja kwenu, msijali.

Ikafika kwa Mheshimiwa. Nilitegemea hotuba.

"Mimi Jumatatu na Ijumaa nafanyia kazi nyumbani," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

"Mwenye kuuliza si ulikuwa wewe?" Furaha akamrekebisha, na clubhouse nzima ikacheka, yeye mwenyewe akiwemo.

Tukachagua msimamizi. Hii nayo si kwa makofi. Kila mtu anataja mtu na sababu, kwa sauti, mbele yake. Mama Esperance akamtaja Mheshimiwa.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Watoto wanamwogopa kidogo na wanampenda kidogo," akasema. "Na ana sauti. Akiita wale walio karibu na swimming pool, wanarudi. Mimi sauti yangu haifiki."

Mzunguko uliporudi, watu watatu wakabadilisha jina walilotaja wakamtaja yeye. Mheshimiwa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikamuuliza, "Una pingamizi?"

"Sina ne..." Akajikamata. "Sina pingamizi. Hakitaharibika kitu."

Mama Esperance akasema atakuja alasiri moja kwa wiki kuwafundisha watoto nyimbo, akiwa ameamka mwenyewe, hajaamshwa. Tukakubaliana tujaribu mpaka baada ya July Fourth halafu tukae tena tuangalie. Inatosha kwa saa hii, na tukikosea hatufi.

Hakuna aliyegonga meza. Meza ilikuwa ukutani.

Tunatoka nje kwenye lile jua la Texas, Mama Esperance akanishika mkono. "Fort Worth sikuwa nahamia binti yangu," akaniambia. "Nilikuwa nahamia kitanda."

Maboksi aliyafungua mwenyewe. Moja nililipata mimi, Nuru amelifanya nyumba ya midoli.

Imebaki ngoma moja. Mume wangu.

Alirudi Jumapili, nikamlisha kwanza, siyo mjinga mimi. Halafu nikamweleza mpango wote. Akasema vizuri, lakini mama kule Moro ameshaandaa chumba, na yeye ameshaamua.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaikalia kama nilivyoikalia mikono.

"Sawa. Tukimpeleka Nuru, kwako wewe nini kitaharibika?"

"Kwangu? Hakuna. Mi si niko barabarani tu..."

Nuru alikuwa amemlalia mapajani anamchezea ndevu.

Kimya kikakaa pale mezani na sisi. Sikukijaza.

"Ataniita anko," akasema.

Alitoka nje, akampigia mama yake, nikamsikia anasema "Hapana mama, tumeongea, anabaki." Tumeongea. Nilitamani kugonga meza.

Nuru yuko hapa wakuu. Amelala chumba cha pili, miguu juu ya mto. Jana nilimwita aoge, akaja, akasimama mbele yangu, mkono kiunoni: "Mama, I have neno." Nikapiga magoti, nikamuuliza nini kitaharibika. Akasema maji yana sabuni ya kuwasha macho. Tumebadilisha sabuni.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akinyamaza kwenye kikao chako, iwe cha harusi, cha kikoba, cha ukoo, hajakubali. Amechoka na wewe. Usimuulize kama ana neno, muulize kinaharibika nini kwake, halafu funga mdomo mpaka ajibu. Na akipinga, sema asante, maana angeweza kufunga maboksi badala yake.

Haya, sasa tuzunguke hapa. Kila mtu aandike mara moja kabla ya mtu kuandika mara mbili, na kina baba mnaopenda kurukia comment za wenzenu nawaona, kaeni mkisubiri zamu.

Na wewe unayesoma kimyakimya tangu juu, ukiandika "sina neno", nitarudi kukuuliza.